Nusu Haizidi Nusu

Laurel, Delaware
30 Januari 1984

Bwana Odell Tull,

Bodi ya wakurugenzi ya Kampuni ya Skrapel ya Marvel ilikutana leo asubuhi. Wakurugenzi wawili, yaani mimi na mke wangu Corinne, tumepiga kura kukuondoa katika kazi ya meneja wa mauzo kuanzia leo. Wewe, mkurugenzi wa tatu, ulipigiwa simu na hukupokea.

Vitu vyako vya ofisini vimewekwa ndani ya boksi kwa mlinzi wa getini. Kufuli zimebadilishwa. Usijisumbue kujaribu ufunguo.

Najua ni wiki iliyopita tu tumemzika Melvina. Alikuwa mke wako, lakini alikuwa dada yangu kabla hajawa mke wa mtu. Sababu za uamuzi huu ni za kibiashara tu.

Winfield B. Marvel
Mwenyekiti


Seaford
2 Februari 1984

Shemeji yangu Winfield,

Mimi ni mzima. Pole kama kwako hiyo ni habari mbaya.

Simu yako ililia nyumbani nikiwa makaburini, nasimamisha maua yaliyoangushwa na upepo. Ndiyo maana sikupokea. Kama ungekuja pale ungenikuta, ungenifukuza ana kwa ana, tukaokoa stempu.

Usidhani umenitisha. Mimi nimefukuzwa kazi na watu wakubwa kuliko wewe, tena katika bandari ambazo wewe hata kuzitamka huwezi. Nahodha Mgiriki alinifukuza Valparaiso, akanirudisha kabla nanga haijang'olewa, kwa sababu nisipokuwepo mimi wapishi hununa, na wapishi wakinuna hakuna chakula. Rotterdam Mjerumani mmoja alinifukuza kwa lugha nisiyoijua, nikaendelea kufanya kazi mpaka siku ya mshahara. Akanilipa! Lakini katika wote hao, hakuna aliyenifukuza udongo wa kaburi la mke wangu ukiwa bado mbichi. Hilo umelivumbua wewe, na wewe ndiye msomi wa ukoo.

Sasa ngoja nikukumbushe kitu. Baba mkwe wangu, baba yenu Mzee Burton, alipofariki alikikata kiwanda katikati kama mkate wa skrapel, ule wetu wa nyama ya nguruwe na unga wa mahindi: hisa nusu kwako, nusu kwa Melvina. Nusu ya Melvina sasa ni yangu. Kwa hiyo umemfungia nje mwenye nusu ya mlango, nusu ya masufuria na nusu ya kila nguruwe anayeingia mle. Nimeshachagua nusu yangu: ya mbele. Yako ndiyo yenye mkia.

Nakuapia, Winfield. Utatoka katika ofisi ile. Sitakupiga, ingawa unajua naweza, na kuna baa moja Norfolk bado wana dirisha la mbao kwa ajili ya kunikumbuka. Nitakutoa kwa sheria, ukiwa na tai yako shingoni.

Na hizo sababu za kibiashara, siku ukizipata niandikie.

Odell Tull, mwenye nusu


Laurel
27 Februari 1984

Bwana Tull,

Umeniandikia juu ya nusu yako. Nikusaidie kuielewa.

Hisa haina mlango wala sufuria. Hisa ni kura katika mkutano mkuu wa wanahisa, na gawio pale bodi inapoamua kuligawa. Bodi ni mimi na Corinne dhidi yako. Hatujaamua kugawa chochote, na sioni dalili kwamba tutaamua hivi karibuni. Kwa hiyo ulichonacho ni karatasi yenye picha nzuri ya nguruwe.

Niko tayari kuinunua karatasi hiyo, kwa bei ambayo nitaipanga mimi, maana hakuna mnunuzi mwingine. Nani atanunua nusu ya kiwanda ambacho hawezi kuingia? Uza, ununue mashua, uende zako baharini ukawasimulie samaki habari zako. Kiwanda hiki ni cha Marvel, na wewe ni Tull.

W. B. Marvel
Mwenyekiti


Seaford
9 Machi 1984

Shemeji,

Barua yako nimeisoma, kisha nikamsomea mbwa wangu, Amiri Jeshi. Ametoka nje.

Siuzi. Ungenipa kiwanda chote na nyumba yako na Corinne akanipikia keki ya pichi kila Jumapili, siuzi. Melvina aliisimamia mitambo ile tangu ana nywele za kusuka, akijua kwa pua tu kama unga wa mahindi umeiva kwenye mchuzi wa nguruwe au bado. Wewe pua yako inajua wino tu.

Lakini ahsante kwa somo. Umeniambia hisa ni kura katika mkutano mkuu. Sawa, mkutano uko wapi? Tangu Mzee Burton afe hamjaitisha hata mmoja. Mmekaa kwenye viti mlivyokalishwa enzi zake, kama wageni waliosahau kwenda nyumbani. Itisha mkutano, tuchague bodi upya, nione unavyonitazama usoni unapoinua mkono.

Umeniambia nikawasimulie samaki. Samaki wananiheshimu, bwana. Nilipopigana na yule papa karibu na Manila, aliyekimbia alikuwa yeye.

Odell


Laurel
2 Aprili 1984

Bwana Tull,

Mkutano mkuu huitishwa na mwenyekiti. Mwenyekiti ni mimi. Sioni haja.

Lakini kwa kuwa unapenda masomo, nikupe la pili. Kanuni za kampuni hii niliziandika kwa mkono wangu, na Baba akazitia sahihi. Kanuni zinasema mkutano haufanyiki bila akidi, na akidi ni zaidi ya nusu ya hisa zote. Wewe una nusu, na nusu haizidi nusu. Hata ukiitisha mkutano kwa tarumbeta, mimi nitakaa nyumbani na soksi zangu, nawe utakuwa mtu mmoja anayeongea na viti. Bila mkutano hakuna uchaguzi. Bila uchaguzi, wakurugenzi waliopo wanaendelea. Waliopo ni sisi.

Hukumaliza shule, kwa hiyo nimeandika polepole.

Ofa yangu bado ipo, ila imeshuka.

W. B. Marvel
Mwenyekiti


Seaford
20 Agosti 1984

Shemeji yangu mpenzi,

Umenikumbuka? Nilikuwa na shughuli. Nimepata rafiki mpya, anaitwa Ardis Quillen, wakili wa Georgetown, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha wafu. Siku ya kwanza nilimsimulia habari za papa. Akasema, "Bwana Tull, nalipwa kwa saa. Endelea." Nikanyamaza! Mwambie Corinne, hatasadiki.

Nikampa barua yako ya Aprili. Aliposoma ile ya soksi, alicheka mpaka miwani ikaanguka. Akaniuliza, "Huyu shemeji yako ana wakili?" Nikasema hana, yeye mwenyewe ndiye aliyeandika kanuni. Akasema, "Mungu ambariki."

Basi sheria ya jimbo letu ni hii. Kampuni ikikaa zaidi ya mwaka na mwezi bila mkutano mkuu, mwanahisa yeyote, hata asiyemaliza shule, anaweza kumwendea jaji, na jaji akaamuru mkutano ufanyike. Nimemwendea. Najua unajua, maana ulikuja mahakamani na tai ya bluu ukasema maneno matatu. Jaji ameamuru: Ijumaa tarehe 12 Oktoba, saa nne asubuhi, katika chumba cha kulia cha wafanyakazi. Amri ya mahakama imetumwa kwako. Isome.

Sasa nisikilize, maana hili nalisema bila mzaha. Njoo. Wakili Quillen anasema katika mkutano ulioamriwa na mahakama, zile kanuni zako za akidi zinalala usingizi. Akidi inakuwa ni hisa zilizofika, basi. Zikifika nusu, nusu inatosha. Zikifika zako na zangu, tutafungana, kura kwa kura, nawe utabaki kwenye kiti chako kwa sababu hakuna aliyekushinda. Usipofika, mimi niliyefika ndiye mkutano wote.

Nimekuambia. Njoo, Winfield. Vua soksi, uvae viatu.

Odell


Laurel
4 Septemba 1984

Bwana Tull,

Watu wanasema umebadilika. Naona hujabadilika.

Wewe uliyepigana na papa, uliyekula chakula cha jioni na binti wa gavana wa Valparaiso, uliyefundisha Waholanzi kuendesha baiskeli, leo unataka nisadiki kwamba mtu mmoja ni mkutano. Na kwa nini unanisihi nije? Adui hamwombi adui yake aje kumzuia. Unanihitaji pale ili nusu zetu mbili zitimize akidi, kisha wakili wako atoe hila fulani mfukoni. Nimeliona hilo mapema sana.

Amri imefika. Nimesoma ukurasa wa kwanza, tarehe na mahali, nikaiweka na karatasi nyingine. Corinne ananisumbua tutafute wakili. Nimemwambia sihitaji mtu wa kunisomea kitabu nilichokiandika.

Tarehe 12 nitakuwa nyumbani. Wasalimie viti.

W. B. Marvel
Mwenyekiti


Laurel, ofisini
15 Oktoba 1984

Bwana Marvel,

Viti vinakusalimu.

Naandika nikiwa nimekalia kiti cha Mzee Burton. Kinalia upande wa kushoto. Miaka yote hiyo hukukitia hata tone la mafuta?

Ngoja nikusimulie, maana hukuwepo. Saa nne kamili tulikuwa mimi, Wakili Quillen, na Verna Hitchens wa masufuria, niliyemwomba aje awe shahidi. Nje ya dirisha wafanyakazi wa zamu wamejipanga kama wanaotazama mechi. Wakili akasema, "Tusubiri kidogo." Tukasubiri. Verna akasema, "Odell, huyo haji. Mtu huyo hakuja hata siku bomba la mvuke lilipopasuka, alituma karatasi." Nikasema, "Nyamaza, mama, sheria inafanya kazi."

Wakili akasoma amri ya jaji kwa sauti, mpaka ukurasa wa mwisho. Akidi ni hisa zilizofika. Akauliza nani anapendekeza wakurugenzi. Nikajipendekeza mimi. Nikampendekeza Verna. Verna akasema, "Mimi? Nina unga mpaka kwenye nyusi!" Nikamwambia ndiyo sifa yenyewe. Wa tatu nikampendekeza Amiri Jeshi, ambaye ana akili na habweki ovyo, lakini wakili akasema sheria inataka binadamu, kwa hiyo tukamchukua mchungaji wa kanisa. Kisha nikapiga kura. Nikajipigia mwenyewe kwa sauti kubwa, na kura ya hapana nikaitafuta chini ya meza, sikuiona. Nje ya dirisha walishangilia wakipiga mabuti ya mpira chini. Hujawahi kusikia kitu kama hicho, na hutasikia.

Leo asubuhi bodi mpya imekutana. Wakurugenzi wote wamepiga kura kukuondoa katika kazi yako kuanzia leo. Vitu vyako vimewekwa ndani ya boksi kwa mlinzi wa getini. Kufuli zimebadilishwa. Usijisumbue kujaribu ufunguo.

Sababu ni za kibiashara tu.

Na kabla hujakimbilia kwa wakili, atakuambia nilikuambia. Nilikuambia kweli tupu, kwa wino, na sahihi yangu chini, kwa sababu nilijua hiyo ndiyo njia pekee ambayo hutaniamini. Nimesema uongo mtamu bandari zote za dunia, Winfield, na hakuna hata mmoja ulionifaa kama ukweli ule mmoja. Tangu Januari sijalala vizuri kama jana.

Odell Tull
Mwenyekiti


Laurel
29 Oktoba 1984

Shemeji,

Nimemwona wakili. Alinisomea ukurasa wa mwisho. Nilimlipa nikaondoka. Mkutano ulikuwa halali na sitaupinga.

Nimekuwa nikiamka alfajiri na kuvaa tai, kisha nakaa jikoni. Jana Corinne alinikaangia skrapel, nikaona wamebadilisha pilipili. Ni nzuri zaidi. Mwambie Verna.

Uliniambia siku nikizipata sababu za kibiashara nikuandikie. Hazikuwepo.

Siku ya mazishi, katika ukumbi wa kanisa, watu wakila, ulisimama juu ya benchi na kikombe cha chai mkononi. Ukasema, "Sasa niwaambie mke wangu alivyonitukana siku yake ya mwisho." Watu wakaanza kucheka. Jeneza la dada yangu limeingia ardhini mchana ule, na wewe unachekesha watu. Nikamshika Corinne mkono tukatoka. Tulipofika garini nikaamua palepale kwamba hutakanyaga tena kiwanda cha baba yetu.

Baadaye nikasikia juu juu kwamba mwishoni watu walilia. Sikumuuliza mtu. Kichekesho kile sikukisikia mwisho wake.

Sikuombi kazi. Sikuombi kiti. Nataka kujua Melvina alisema nini.

Winfield


Laurel
3 Novemba 1984

Winfield,

Barua yako nimeikalia siku kadhaa. Nilitaka nisikujibu kabisa. Nilijiambia hiki ndicho kitu pekee nilicho nacho ambacho huwezi kukipigia kura, basi kife na mimi. Verna ndiye aliyesema, "Mwambie. Akijua itamuuma zaidi." Nimekubaliana na mkurugenzi mwenzangu.

Alikuwa kitandani pale hospitali, sauti imebaki kidogo, lazima uiname. Akasema, "Odell, nusu yangu nakuachia. Lakini mkifika kwenye kura, siku zote piga pamoja na Winfield. Winfield hana rafiki hata mmoja, ana mafaili tu." Nikamwambia, "Na mimi je? Nani atapiga pamoja na mimi?" Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama, akasema, "Wewe una mdomo wa ukumbi mzima. Ukiwa peke yako chumbani, akidi imetimia."

Hapo ndipo walipocheka. Hata mchungaji alimwaga chai.

Kisha nikainua kikombe, nikasema mbele yao wote: nimemwahidi. Nusu ya Melvina itamfuata kaka yake maadamu niko hai. Hapo ndipo walipolia. Nikakutafuta kwa macho nishuke nikupe mkono, nikaona kiti kitupu na sahani ya Corinne haijaguswa. Nikadhani umetoka kulia mahali pa faragha, kama mwanamume mwenye aibu. Nikadhani mtu yeyote katika watu wale atakuambia kabla ya jioni. Laurel mtu akinunua viatu vipya, mji unajua saizi. Kwa hiyo barua yako ilipofika, nilijua unaijua ahadi, na umenifukuza nayo mkononi. Nilikuchukia hivyo, Winfield. Nilikuchukia kama mtu niliyempa kila kitu akafunga mlango.

Kumbe hukuambiwa. Ukumbi mzima, na hakuna hata mmoja aliyekuja kukuambia. Melvina alijua anachosema.

Ungekaa kwenye kiti kile dakika chache tu, ungetoka na kiwanda chote, nami ningekuwa mtumishi wako wa kura mpaka kaburini. Mara ya kwanza umeshindwa kwa kuondoka mapema, mara ya pili kwa kutokuja kabisa. Mimi sikukushinda hata mara moja. Nilikuwepo tu.

Ofisi sikurudishii. Ahadi niliitoa ukumbini, wewe hukuwepo kuipokea, na sasa nimeizoea hasira yangu, inanipa joto kuliko jiko. Mwakani unaweza kwenda kwa jaji uombe mkutano, kama nilivyofanya mimi. Nitakuja, na nitavaa viatu.

Lakini Alhamisi, uchaguzi ukishapita, ni Siku ya Marejeo pale Georgetown. Wanasiasa watapanda magari ya farasi, aliyeshinda na aliyeshindwa bega kwa bega, watu wakiwapungia, kisha watafukia shoka mchangani, ishara kwamba ugomvi umekwisha, na kwenda kula nyama ya ng'ombe wa kuchoma. Sisi hatukugombea kitu ambacho kaunti inakijua, lakini kiwanda kina gari lake katika maandamano, na mimi ndiye mwenyekiti, naamua nani apande. Kiti cha aliyeshindwa ni cha kushoto. Nataka mji mzima ukuone umekikalia, kando yangu, nikipunga mikono yote miwili. Hicho ndicho kisasi changu cha mwisho, na ni kitamu, nimekiandaa kwa mkono wangu. Ukishakikalia, nina maneno mengine ya Melvina, ya siku za kabla ya ile. Nayo yanachekesha.

Farasi wataondoka saa saba mchana. Hawatakusubiri. Usipokuja nitapanda na kupunga mwenyewe, maana unajua sasa: mimi peke yangu natosha.

Shemeji yako,
Odell